Semina za wazee wa kanisa Dodoma: ipi inastahili ada yake?

Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni mpaka mvua zianze kunukia mwishoni mwa mwaka, Dodoma huwa ni msimu wa semina. Matangazo ya Jumapili yanasomwa: semina ya wazee wa kanisa, semina ya mashemasi, semina ya viongozi wa jumuiya, ada kiasi fulani, njoo na daftari na kalamu. Usharika mdogo wa Bahi au Chamwino huchangishana wiki kadhaa ili kumpeleka mzee mmoja mjini. Waliochanga wana haki ya kuuliza mzee wao amerudi na nini.

Mafunzo yanayouzwa huku kati ni ya aina tatu. Ipo semina ya ukumbini, siku tatu mfululizo. Yapo mafunzo ambayo mkufunzi anawafuata kanisani kwenu kwa Jumamosi nne. Na siku hizi ipo kozi ya WhatsApp. Hapa zote tatu zinapimwa kwa kipimo kimoja: sifa za kiongozi zilizoandikwa katika 1 Timotheo 3 na Tito 1 zinaonekana vipi kwenye kazi ya mzee huyo akisharudi nyumbani, yaani kwenye sadaka, kwenye kikao, kwenye ugomvi wa waumini, kwa wagonjwa, na siku ya kukabidhi ofisi?

Isome orodha ya Paulo polepole. Asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mwenye kiasi na busara, mtu wa utaratibu, mkaribishaji, ajuaye kufundisha, asiyezoelea ulevi, asiyepiga watu, mpole, asiyependa fedha, anayeisimamia nyumba yake vema, asiyeongoka karibuni, anayeshuhudiwa mema na watu walio nje. Kinachohusu ufundi wa kufundisha ni kimoja tu, na orodha ya mashemasi inayofuata haina hata hicho. Zinazobaki ni tabia, na tabia haifundishwi kwa siku tatu. Mafunzo mazuri yanaweza kufanya mambo mawili: kulisaidia kanisa limtambue mtu ambaye sifa hizo anazo tayari, na kuliwekea utaratibu unaomkinga mwaminifu asisingiziwe na kumfichua mapema asiye mwaminifu. Semina inayotumia siku mbili kufundisha namna ya kusimama mbele za watu na kuandika maono imekosea hesabu tangu kwenye ratiba.

Semina ya ukumbini

Kwa kawaida ni Alhamisi hadi Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa au wa hosteli mjini. Ada inalipia ukumbi, kabrasha, chai, chakula cha mchana na cheti. Malazi na nauli ni juu ya usharika. Faida yake kubwa ni mchanganyiko. Mzee wa Kilutheri kutoka Kondoa anakaa meza moja na mzee wa Kianglikana wa Mpwapwa na shemasi wa kanisa la Kipentekoste la Nkuhungu, na wakati wa chai wanafundishana mambo ambayo hayamo kwenye kabrasha lolote. Wakufunzi wengi pia wanalimudu vizuri somo la Kutoka 18, ushauri wa Yethro kwa Musa: watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu, wawekwe juu ya elfu, mia, hamsini na kumi. Mkufunzi makini hapo anakwenda mbele na kuwapa washiriki hesabu ya kuondoka nayo: mzee mmoja, kaya kumi. Akitembelea kaya moja kwa wiki, anamaliza mzunguko ndani ya wiki kumi, na mgonjwa au mfiwa anaruka foleni. Mzee aliyekabidhiwa kaya sitini hatatembelea hata moja, na lawama zitamwangukia yeye ilhali kosa ni la mgawanyo.

Kasoro ni nyingi, na karibu zote zinatokana na ratiba. Asubuhi ya kwanza inaliwa na utambulisho, risala na kumsubiri mgeni rasmi. Somo la fedha, ambalo ndilo linalovunja makanisa, linapangwa Jumamosi mchana, saa ambayo mshiriki wa Mpwapwa anaangalia saa asikose basi. Kabrasha mara nyingi limenakiliwa kutoka mazingira mengine kabisa: linazungumzia kanisa lenye karani wa kuajiriwa, ofisi na kompyuta, wakati mzee wa mtaa wa kijijini ana daftari moja na sanduku la mbao. Halafu lipo suala la lugha. Hotuba kwa Kiswahili haina tatizo, lakini kwenye majadiliano ya vikundi wazee wengi, akina mama zaidi, hufunguka wakiongea Cigogo, Kirangi au Kinyaturu. Semina inayowaacha vikundi wajadili kwa lugha yao kisha mmoja alete majibu kwa Kiswahili inapata michango mingi kuliko ile inayolazimisha Kiswahili mwanzo mwisho.

Kosa lingine ni la usharika wenyewe: unampeleka mwenyekiti peke yake. Anarudi na maneno mazuri, lakini katibu anaandika mihtasari kama zamani na mhazini anatunza fedha kama zamani. Kama mnaenda ukumbini, pelekeni watatu pamoja, mzee kiongozi, katibu na mhazini, au msiende.

Jumamosi nne kanisani kwenu

Hii ndiyo huduma tunayoipa alama za juu. Mkufunzi anakuja kanisani, saa tatu asubuhi hadi saa sita, Jumamosi nne (kwa Wasabato hupangwa Jumapili), na anafundisha huku vitabu vya usharika vikiwa mezani. Wanahudhuria wazee wote, mashemasi na viongozi wa jumuiya. Kinachofundishwa kinajaribiwa kesho yake kwenye ibada, na Jumamosi inayofuata inaanza na swali: mlifanyaje?

Jumamosi ya kwanza ni ya uchaguzi. Hapa neno la msingi ni la mashemasi, “na wajaribiwe kwanza”, na onyo la 1 Timotheo 5:22, usimwekee mtu mikono kwa haraka. Utaratibu unaofaa ni huu. Majina ya waliopendekezwa yanasomwa kanisani Jumapili tatu kabla ya kura, na mwenye pingamizi anampelekea mchungaji faraghani, akiwa na mashahidi wawili au watatu kama 1 Timotheo 5:19 inavyotaka, ili uvumi usimmalize mtu. Aliyechaguliwa anatumika miezi sita chini ya mzee mzoefu kabla ya kuwekwa wakfu. Na wapo wazee wawili wanaotumwa kwa “watu walio nje”: mwenye duka anapokopa, jirani yake Mwislamu, vibarua waliomlimia shamba la zabibu. Swali la kuwauliza ni jepesi: huwa analipa kwa wakati? Anayemzungusha kibarua wa siku moja ataizungusha na sadaka.

Dodoma ina mtihani wake wa pekee. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, sharika za Kisasa, Ilazo, Nzuguni na Ihumwa zimepokea waumini wapya wengi, wakiwemo watumishi wenye vyeo, elimu na magari. Kishawishi cha kumfanya mkuu wa idara fulani mzee wa kanisa ndani ya mwezi wake wa pili ni kikubwa, kwa sababu anajua kuandika miradi na bahasha yake ni nene. Mkufunzi mzuri anasema wazi kuwa Paulo aliposema asiwe mtu aliyeongoka karibuni, alitoa na sababu: asije akajivuna. Mgeni aliyehamia anaweza kuwa ameokoka miaka thelathini, lakini ninyi hamjamjua. Alete barua kutoka usharika aliotoka, mchungaji ampigie simu mchungaji mwenzake, na mwaka mmoja upite akishiriki jumuiya ya mtaani kama watu wengine. Kama ana sifa, mwaka hautazipunguza.

Kuhusu mume wa mke mmoja, pombe, na wanawake katika uongozi, kila dhehebu lina katiba na mafundisho yake, na mkufunzi wa kukodi hapaswi kuyabatilisha akaondoka. Anachotakiwa ni kuifungua katiba yenu mezani na kuuliza kama mnaifuata. Sharika nyingi hazina hata nakala yake.

Siku ya sadaka

Jumamosi ya pili ndiyo inayotofautisha mkufunzi anayejua kazi na anayejua kuongea. Ataanza na 2 Wakorintho 8:20-21, pale Paulo anapoeleza kwa nini hakuubeba peke yake mchango uliokuwa ukipelekwa kwa kanisa la Yerusalemu: hakutaka mtu yeyote apate la kulaumu, akatunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kisha ataweka sanduku mezani na kuwahesabisha.

Wahesabuji ni watatu, wasio wa nyumba moja, na wanabadilika kila Jumapili kwa zamu iliyobandikwa. Wawili wanahesabu, wa tatu anaandika. Meza iwe mahali watu wanapopita, mlango ukiwa wazi. Noti zinapangwa kwa thamani, 10,000, 5,000, 2,000 na 1,000, kisha sarafu za 500, 200, 100 na 50. Fomu nyingi za wakufunzi bado zina mstari wa noti ya 500, na noti hiyo bado huchungulia kwenye vikapu vya vijijini. Benki Kuu iliiondoa kwenye mzunguko, na muda wa kuibadilisha uliisha Aprili 5, 2025. Ikitokea, iandikwe pembeni na isijumlishwe. Kila fungu linahesabiwa na mtu wa kwanza, kisha wa pili bila kuambiwa jibu la mwenzake. Majibu yakitofautiana wanabadilishana mafungu na kurudia. Kamwe mzee asijaze pengo kwa fedha ya mfukoni mwake ili jumla ilingane; anadhani anasaidia, kumbe anaficha tatizo ambalo Jumapili ijayo litakuwa kubwa zaidi.

Bahasha za ahadi zinafunguliwa moja moja, na kiasi kilichomo kinaandikwa juu ya bahasha hiyo hiyo. Kama nje imeandikwa 20,000 na ndani kuna 10,000, kinaandikwa kilichomo, wahesabuji wawili wanatia saini, na mtoaji anaarifiwa siku hiyo hiyo kwa upole, kabla hajaona kwenye orodha ya ubaoni na kudhani ameibiwa. Fomu inatoka nakala tatu: ya mhazini, ya katibu, na ya ubao wa matangazo. Fedha inalala kwenye kasha lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na Jumatatu inakwenda benki nzima nzima.

Nzima nzima, kwa sababu kosa la kawaida kuliko yote ni kulipa kutoka kikapuni: nauli ya bodaboda ya mhubiri, soda za kwaya, betri za maiki. Kila moja ni matumizi halali, lakini yanapotoka kabla ya kuandikwa, mapato ya kanisa yanaonekana madogo kuliko yalivyo na matumizi hayaonekani kabisa. Dawa yake ni fedha ndogo ndogo ya kiasi maalumu, tuseme 50,000, anayotunza katibu. Wakati wowote, fedha iliyobaki ukijumlisha na stakabadhi lazima zifike 50,000: stakabadhi zikiwa za 32,500, mkononi pawe na 17,500. Asiyeweza kulionyesha hilo akiulizwa Jumatano bila taarifa, hajui kazi au anaficha.

Sadaka ya simu inahitaji uangalifu wake. Sharika nyingi zilianza kwa kutangaza namba binafsi ya mhazini, kwa nia njema. Akihama, akifariki au akigombana na kanisa, laini ni yake kisheria na namba ya siri iko kichwani mwake. Fungueni Lipa Namba kwa jina la kanisa, hamisheni salio kwenda akaunti ya benki kila wiki, na taarifa ya miamala ya mwezi ichapishwe na kusomwa kwenye kikao pamoja na taarifa ya benki. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa, na mchungaji asiwe ndiye anayeandika vitabu.

Mnada wa mazao ni mahali ambapo kabrasha karibu zote zimenyamaza, wakati huku kwetu unabeba sehemu kubwa ya mapato ya kanisa la kijijini baada ya mavuno. Ibada imekwisha, watu wako nje chini ya mti, kuna kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, sado ya karanga, debe la uwele, mafungu ya mlenda mkavu. Mnadishaji anapandisha bei. Mama mmoja anamnunua kuku kwa 15,000 na kumrudisha auzwe tena kwa ajili ya Bwana. Anauzwa 12,000, anarudishwa, anauzwa 10,000. Kuku mmoja ameingiza 37,000. Mwandishi asiyefundishwa anaandika mstari mmoja, “kuku 10,000”, kwa sababu ndiyo bei aliyoondoka nayo, na 27,000 zinabaki kuelea mikononi mwa watu bila karatasi. Kila mauzo yawe mstari wake, na safu za daftari ziwe: bidhaa, aliyetoa, mnunuzi, bei, alicholipa, baki, saini.

Safu ya “baki” ndiyo ya kuangaliwa sana. Watu wananunua kwa furaha na kusema nitaleta Jumapili, na furaha hiyo haina daftari. Baada ya miezi mitatu deni la mnada linakuwa kubwa kuliko fedha iliyopatikana, na hakuna anayekumbuka nani anadaiwa nini. Mzee wa jumuiya ya mdeni amfuate ndani ya wiki, nyumbani, kwa sauti ya chini. Kusoma majina ya wadaiwa madhabahuni kunaingiza fedha mara moja na kufukuza watu kwa mwaka mzima. Na wanaoendesha mnada, yaani mnadishaji na mwandishi, wasinunue siku hiyo. Gunia la mahindi linalomwangukia mwandishi kwa bei ya chini mbele ya mkutano wote linamaliza imani ambayo mahubiri ya miaka yamejenga.

Jambo moja zaidi ambalo mkufunzi anayeijua nchi hii atalisema: bajeti isisimame kwenye mavuno mazuri. Dodoma ni nchi kavu na mvua zake ni za msimu mmoja. Zikikatika Februari, hakuna debe la uwele la kunadiwa Julai. Chukueni mapato ya mazao ya miaka mitatu iliyopita, tumieni ule mwaka mbaya kuliko yote kama makadirio, na kitakachozidi kiwe akiba au ujenzi.

Vikao, ugomvi na viwanja

Jumamosi ya tatu huwa nzuri pale mkufunzi anapoomba kitabu cha mihtasari na kukisoma kwa sauti. Mara nyingi atakuta “iliamuliwa ukarabati ufanyike”, bila jina la mtu, bila tarehe, bila kiasi. Anafundisha kila azimio liwe na vitu vitatu: nani, lini, kwa shilingi ngapi, na kikao kinachofuata kianze kwa kuyapitia hayo kabla ya ajenda mpya. Ajenda iwafikie wajumbe siku tatu kabla. Akidi isipotimia, kikao kisiamue jambo la fedha hata kama mchungaji ana haraka.

Ugomvi unashughulikiwa kwa Mathayo 18: wawili peke yao, kisha mashahidi, kisha kanisa. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuruka hatua ya kwanza, mzee akisikia maneno anayapeleka moja kwa moja kikaoni na mtu anajikuta anajadiliwa kabla hajaulizwa. Sifa za “mpole” na “si mpiga watu” hupimwa hapa. Mzee anayepandisha sauti kikaoni, anayenuna wiki mbili akishindwa kura, au anayetaka kuombwa radhi hadharani kwa kila neno, hajafuzu, hata awe anajua vifungu vingi kiasi gani. Petro anawaambia wazee wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao, wawe vielelezo kwa kundi.

Kwa jiji ambalo kila pembe inapimwa viwanja, somo la ardhi si la kurukwa. Kiwanja cha kanisa kikiandikwa jina la mzee aliyejitolea kwenda kulipia, siku akifariki warithi wake wana karatasi na kanisa lina historia tu. Hati na mikataba ya mauziano iwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), nakala zikae mahali pawili, na risiti za kodi ya ardhi ziambatane nazo. Makanisa machanga ambayo bado yanahangaikia usajili kwa Msajili wa Jumuiya wa Wizara ya Mambo ya Ndani yasinunue ardhi kwa haraka kabla ya kulimaliza hilo.

Jumamosi ya mwisho

Ziara za wagonjwa, watoto na kukabidhi ofisi. Kwenye ziara, mzee anafundishwa kukaa muda mfupi, kuuliza kabla ya kuomba, kutosimulia ugonjwa wa mtu kwenye jumuiya, na kutomwambia mgonjwa aache dawa. Kwa Shule ya Jumapili, kanuni ni watu wazima wawili kila darasa, mlango wazi, na hakuna kiongozi anayembeba mtoto wa mtu peke yake kwenye pikipiki. Ikitokea dalili ya mtoto kuumizwa, kikao cha wazee si mahakama. Jambo linakwenda polisi dawati la jinsia na watoto au ustawi wa jamii, na namba ya msaada kwa watoto ni 116. Wakufunzi wanaolikwepa somo hili kwa kuona aibu wanapoteza alama kwetu bila mjadala. Kutaka kuisitiri sifa ya kanisa kwa kumnyamazisha mtoto ni dhambi, na viongozi wanatakiwa kuambiwa hivyo wakiwa wamekaa pamoja.

Kukabidhi ofisi ni ukurasa mmoja: salio la benki siku hiyo, fedha iliyo mkononi, madeni, mali moja moja kuanzia maiki mpaka masufuria, funguo, mihuri, nyaraka za ardhi. Anayetoka anasaini, anayeingia anasaini, shahidi anasaini. Waraka wa tatu wa Yohana unamtaja Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza, na kila usharika una nafasi ambayo mtu ameikalia mpaka imekuwa kama mali ya ukoo. Ukomo wa vipindi kwenye katiba, na mzee kijana anayefundishwa kazi tangu mapema kama 2 Timotheo 2:2 inavyoagiza, unapunguza uchungu wa siku hiyo.

Udhaifu wa mafunzo haya upo na usifichwe. Mchungaji ambaye ndiye tatizo hatamwalika mtu wa kufungua vitabu. Mkufunzi anaona siri za fedha zenu, kwa hiyo aandikishwe ahadi ya kutunza siri kabla hajashika daftari. Ugomvi wa zamani unaweza kuibuka Jumamosi ya pili na mkufunzi akaondoka Jumamosi ya nne ukiwa bado wa moto. Na wakufunzi wanaoweza kufundisha nusu ya somo kwa Cigogo ni wachache, hujazwa ratiba mapema.

Kozi ya WhatsApp

Sauti za dakika ishirini, picha za kabrasha, maswali mwisho wa wiki, cheti cha kupakua. Ni rahisi kwa gharama, na kwa mwinjilisti aliye mbali na barabara ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini wazee wengi vijijini wana simu ya kitochi, kundi linajaa sala za kusambazwa na salamu za asubuhi mpaka somo linazama, na hakuna anayehesabu sarafu kwa sauti ya simu. Itumieni kama kikumbusho baada ya mafunzo ya ana kwa ana. Peke yake haitoshi.

Gharama

Chukueni mfano. Ada ya ukumbini ikiwa 50,000 kwa mtu, wazee watatu ni 150,000 kabla ya nauli na vyumba. Mkufunzi wa kuwafuata akitaka 100,000 kwa kila Jumamosi, nne ni 400,000. Lakini wakihudhuria ishirini, kila mmoja ameigharimu kanisa 20,000, hakuna aliyelala mjini, na mhazini amefundishwa akiwa na daftari lake mwenyewe. Sharika ndogo mbili au tatu za jirani zinaweza kuungana na kugawana.

Kabla ya kulipa chochote, ombeni ratiba yenye saa. Tazameni somo la fedha limewekwa lini na limepewa muda gani. Likiwa chini ya saa tatu, tafuteni mwingine. Ombeni muone fomu ya kuhesabia sadaka anayoitumia. Ulizeni yeye mwenyewe ni muumini wa usharika gani na mchungaji wake anamwelezaje, maana kipimo cha kushuhudiwa mema kinamhusu na yeye. Anayeahidi kwamba mafunzo yake yanachukua nafasi ya chuo mwachie apite: elimu ya uchungaji ina vyuo vyake, na mkoa huu unavyo Msalato na Kongwa tangu zamani.

Alama zetu: ukumbini 3 kati ya 5, na 2 kama mnampeleka mtu mmoja, Jumamosi nne kanisani 4 na nusu, WhatsApp 2. Nusu iliyokatwa kwenye Jumamosi nne ni ya ufuatiliaji, kwa kuwa wakufunzi wengi hawarudi. Liandikeni kwenye makubaliano: nusu ya malipo siku ya kwanza, nusu iliyobaki baada ya ziara ya miezi mitatu, atakapokuja kukaa na wahesabuji Jumapili moja na kupitia fomu kumi na mbili za nyuma pamoja na taarifa ya benki.